Betri ya Jenereta Hufa Ikiwa Imelala



Kila msimu wa karafuu ukikaribia, ofisi ya Chama hupata mashtaka ya namna moja kutoka vijiji mbali mbali. Mwanachama ana jenereta yake ya kuwasha kwa ufunguo. Msimu uliopita ilimtumikia vizuri, na ulipokwisha akaifunika turubai akaiweka bandani. Sasa wachumaji wamerudi na makanda yao, jua limekuchwa, yeye azungusha ufunguo na mashine yasema "tak, tak", kisha kimya. Papo hapo hukata shauri kwamba betri ni mbovu, au kwamba mwenye duka alimuuzia kitu kibovu, akaenda kununua nyingine. Mwaka unaofuata mambo huwa yale yale.

Tumeona yafaa tulieleze jambo hili kwa urefu, maana wako wanachama ambao hutoa fedha ya betri mpya kila mwaka pasi na haja. Betri ya jenereta ndogo haichoshwi na mavuno. Huchoshwa na ile miezi ambayo hakuna mtu aiangaliaye.

Huenda yuko atakayeuliza kwa nini gazeti la wakulima wa karafuu lijishughulishe na betri. Jibu lake liko kwenye jamvi. Karafuu huchumwa mchana na kuchambuliwa usiku, ili makonyo yatengwe na karafuu zianikwe asubuhi na mapema. Karafuu mbichi zikilala rundo moja bila ya kuchambuliwa hupata joto na kuvunda, na zikikauka huwa zimepauka na kunywea, wala kituoni hazipati daraja la kwanza. Basi taa ya usiku ule ina thamani yake katika mizani. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2010 Pemba yapata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka pwani ya Tanga, na kwamba hatutegemei tena mitambo ya dizeli ya Wesha kama ilivyokuwa zamani. Lakini nguzo hazikufika kila shamba, na umeme wa nguzo nao hukatika. Wenzetu wa Unguja walilionja hilo mwaka 2008, walipokaa kama mwezi mzima gizani, na wakalionja tena tangu Disemba 2009 hata Machi 2010. Mwenye jenereta yuampasa awe na jenereta inayowaka siku anayoitaka.

Kwanza tuijue betri yenyewe. Betri ya risasi na asidi ni chombo cha zamani. Aliyeibuni ni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na mpaka leo kazi yake haikubadilika sana. Ndani ya betri ya volti 12 mna vyumba sita, na kila chumba hutoa volti 2 na kidogo. Betri iliyojaa barabara, ikaachwa ipumzike saa kadhaa, hupimwa volti 12.6 au 12.7, na zile zilizofungwa kabisa huweza kufika 12.8 au zaidi. Ikiwa nusu hupimwa kama 12.2. Ikifika 11.9 mtu asijidanganye, hiyo imekwisha. Watu wengi huona "12" kwenye mita wakafurahi, wakidhani volti 12 ndiyo betri nzima. Volti 12 ni betri yenye njaa.

Ukubwa wa betri huhesabiwa kwa ampea-saa. Betri ya jenereta ndogo ya petroli aghlabu ni ya ampea-saa 7 mpaka 14. Za dizeli huwa kubwa zaidi. Tuchukue ya ampea-saa 9, maana ni rahisi kuifanyia hesabu. Maana yake ni kwamba yaweza kutoa ampea moja kwa muda wa saa 9, au nusu ampea kwa saa 18, na kuendelea hivyo. Ni mtungi wa maji, na swali letu ni moja tu: maji yaenda wapi?

Wengi hudhani yanaliwa na stata. Stata yala kwa pupa, hilo kweli. Tuseme yavuta ampea 100. Lakini injini nzuri huwaka kwa muda wa nukta tatu hivi, na ampea 100 kwa nukta tatu ni kiasi cha ampea-saa 0.08 tu. Hiyo si hata sehemu moja katika mia ya mtungi wetu. Mtu aweza kuwasha jenereta kila jioni ya msimu na betri isijue, maadamu mashine ikiisha kuwaka yenyewe hurudisha kilichotoka. Hivyo stata si mwizi. Wezi ni wengine, nao hufanya kazi polepole, usiku na mchana, mashine ikiwa imezimwa.

Mwizi wa kwanza ni betri yenyewe. Hata ikiwekwa kabatini bila ya kuungwa na kitu chochote, betri ya risasi hujila ndani kwa ndani. Katika joto la digrii 25 betri nzuri iliyofungwa hupoteza kama sehemu 3 au 4 katika mia kila mwezi, na zile za kutiwa maji aghlabu hupoteza zaidi. Na kila joto linapozidi kwa digrii 10, upotevu huo huwa maradufu. Sasa tizama mahali tunapoweka jenereta zetu: kibanda cha bati, hakina dirisha, jua la mchana kutwa juu yake. Humo yafaa mtu akadirie sehemu 7 katika mia kila mwezi. Kwa miezi minane baina ya msimu na msimu, zaidi ya nusu ya betri imekwenda, na hakuna aliyegusa ufunguo. Mwaka wa mavuno haba, mashine ikalala mwaka mzima na zaidi, hapana hata haja ya kuhesabu.

Tena kupotea kwa umeme siko madhara makubwa. Madhara makubwa ni yale yanayofuata. Betri inapotoa umeme, juu ya mabamba yake ya risasi hujengeka chumvi nyeupe. Ikichajiwa upesi, chumvi hiyo huyeyuka ikarudi katika asidi. Ikiachwa wiki na miezi, huwa ngumu kama chokaa ya ukutani, na chaja haiwezi tena kuiondoa. Sehemu ya bamba iliyofunikwa hivyo imekwisha kazi yake milele. Ndiyo maana betri iliyoachwa tupu tangu masika, ukiichaji wakati wa msimu huonekana kujaa haraka sana, kwa saa moja tu pengine, na mwenyewe akafurahi. Imejaa haraka kwa sababu mtungi wenyewe umekuwa kikombe.

Mwizi wa pili ni ufunguo, na huyu ndiye tumkutaye mara nyingi kuliko wote. Mafundi wetu wamewafunza watu, nao wamefanya vyema, kwamba jenereta ya petroli inayokwenda kuwekwa ifungwe koki ya mafuta na iachwe itembee mpaka ijizime, ili kabureta isibaki na petroli ya kuganda. Shauri ni zuri. Lakini injini ikijizima wenyewe husahau kwamba ufunguo bado uko kwenye alama ya kuwasha. Mashine imenyamaza, taa zimezimika, kila mtu ameridhika. Kumbe katika jenereta nyingi za namna hii iko sumaku ndogo ya umeme kwenye kabureta, kazi yake ni kufungua na kufunga njia ya mafuta, nayo hubaki ikivuta umeme wa betri maadamu ufunguo haujarudishwa. Ikivuta nusu ampea, betri yetu ya ampea-saa 9 haimalizi siku moja. Zipo na za dizeli zenye sumaku kama hiyo kwenye pampu ya mafuta. Mambo huwa hayo hayo jenereta inapoishiwa mafuta usiku wa manane, watu wakaenda kulala wakisema wataitazama kesho.

Dawa yake haina gharama. Mashine ikisha kuzimika kwa njia yoyote, ufunguo urudishwe kwenye alama ya kuzima, uchomolewe, utundikwe msumarini ndani ya nyumba. Ufunguo ulio msumarini hauwezi kuwa umesahauliwa kwenye mashine. Na jambo hili lina faida ya pili, kwamba watoto hawataichezea.

Mwizi wa tatu amekuja na maendeleo. Jenereta za siku hizi zina saa ya kuhesabu muda wa kazi, vioo vya namba, vifaa vya kuonya moshi wa sumu, na baadhi yake huwashwa kwa rimoti mtu akiwa barazani. Rimoti ni kitu cha kupendeza. Lakini ili mashine isikie wito wake, lazima kiko kitu ndani yake kilicho macho saa zote, na kilicho macho hula. Tuseme chala miliampea 20, yaani sehemu 20 katika elfu za ampea moja. Mtu ataona ni kitu kidogo mno. Hesabu: ampea-saa 9 kwa miliampea 20 ni saa 450, nazo ni siku 18 na robo tatu. Mtu aliyekwenda Tanga au Dar es Salaam kwa mwezi mmoja akirudi atakuta betri tupu, na kosa halikufanywa na yeyote. Jenereta nyingi za namna hii huwa na swichi yake peke yake ya kukata betri. Tafadhali itafuteni katika kitabu cha mashine, maana mara nyingi iko mahali pasipoonekana, na wenye mashine hawaijui.

Mwenye kutaka kujua kama mashine yake ina mwizi, aweza kupima kwa mita ya kawaida. Ufunguo uwe umezimwa. Fungua waya kwenye kichwa cha betri cha hasi, kile chenye alama ya kutoa (−). Weka mita kwenye kipimo cha ampea 10, na waya wake mwekundu uingizwe katika tundu la ampea, siyo la volti. Kisha ncha moja ya mita igusishwe kichwa cha betri, na ncha ya pili igusishwe waya ulioufungua, hata umeme wote utokao betri upite ndani ya mita. Ikiwa mshale au namba haikusogea, shuka kwenye kipimo cha miliampea upime tena. Mashine isiyo na rimoti wala saa ya namba yatakiwa isome sifuri au karibu yake. Tahadhari moja: mita ikiwa imekaa hapo usizungushe ufunguo hata kidogo, kwani umeme wa stata utaunguza fyuzi ya mita, au mita nzima.

Mita ikionyesha umeme watoka na hujui waenda wapi, chomoa vifaa kimoja kimoja huku ukitizama namba. Kile ambacho ukikichomoa namba huanguka, ndicho. Mara nyingine mwizi huwa ni kifaa cha kugeuza umeme wa kuchaji, ambacho mafundi hukiita rektifaya. Kazi yake ni kuupitisha umeme uende kwenye betri na kuuzuia usirudi, mfano wa mlango unaofunguka upande mmoja. Ukiharibika, umeme hurudi kinyume kwenye koili usiku kucha. Hicho hakitengenezwi, hubadilishwa, na kazi hiyo apewe fundi wa umeme anayejua jenereta, si kila mwenye koleo.

Sasa tuje kwenye kinga, na kinga iliyo bora kuliko zote ni kufungua waya. Mashine itakayolala zaidi ya wiki mbili, ifunguliwe waya wa hasi kwenye betri. Wezi wote wa nje hukatika kwa mara moja, hapana haja ya kuwatafuta. Katika betri nyingi ndogo spana namba 10 yatosha. Fungua hasi kwanza, na unaporudisha, hasi iwe ya mwisho. Watu huuliza kuna tofauti gani. Tofauti ni kwamba fremu ya jenereta yenyewe imeungwa na hasi. Ukianza na chanya, spana ikigusa fremu kwa bahati mbaya itatoka cheche kubwa na spana itawaka moto mkononi mwako. Hasi ikiwa imefunguliwa, spana iguse itakapo. Msitegemee rangi za nyaya peke yake, maana tumeona mashine ambazo nyaya zote mbili ni nyeusi. Tizameni alama zilizochorwa kwenye betri. Ncha ya waya uliofunguliwa ivingirishwe utepe wa nailoni ili isirudi kugusa kichwa kwa mtikisiko. Asiyetaka kazi ya spana kila mara aweza kufungiwa swichi ya kukata betri kwenye waya wa hasi, kama zile watu wafungazo kwenye magari. Wala betri isifunguliwe mashine inapotembea. Katika baadhi ya jenereta jambo hilo huunguza rektifaya.

Kufungua waya hakumzuii yule mwizi wa kwanza, kwani yumo ndani. Huyo hulipwa. Kila mwezi ukiandama, betri itolewe ipimwe, na ikiwa chini ya volti 12.4 ichajiwe mpaka ijae. Tumechagua mwezi kuandama kwa sababu ni siku ambayo hapana nyumba inayoisahau. Chaja iwe ndogo. Kiasi kinachofaa ni sehemu moja katika kumi ya ukubwa wa betri. Betri ya ampea-saa 9 yataka kama ampea moja, siyo zaidi sana. Chaja kubwa ya gari itaichemsha na kuivimbisha. Ikipatikana chaja yenye akili ya kujipunguza yenyewe betri ikijaa, hiyo ni bora, na yaweza kuachwa imeungwa. Ile ya kawaida isiachwe. Kazi hii ifanywe mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara, kwani betri inayochajiwa hutoa hewa inayowaka.

Wako wanachama wasemao, "Sisi hatuna haja ya chaja, kila wiki twaiwasha jenereta dakika tano." Tumefanya hesabu ya hizo dakika tano. Jenereta nyingi ndogo huchaji betri yake kwa koili ndogo iliyo kwenye gurudumu la injini, na tuseme hutoa ampea moja. Kwa dakika tano hurudisha ampea-saa 0.08, kiasi kile kile kilichochukuliwa na stata. Na kwa kuwa kila kuchaji kuna upotevu wake, mtu huyo kila wiki hutoa zaidi kuliko anavyorudisha, na juu ya hayo achoma petroli. Aiwashe mara moja kwa mwezi, kwa nusu saa au dakika arubaini, akiwa ameipa mzigo wa taa kadhaa. Hapo itarudisha kama nusu ampea-saa, ambayo yakaribiana na kile betri ilichopoteza kwa mwezi. Lakini afahamu kuwa hiyo hutunza betri iliyojaa tu. Betri iliyokwisha haijazwi kwa nusu saa ya jenereta, yataka chaja na usiku mzima. Na jenereta iwashwe nje, kamwe isiwashwe ndani wala barazani chini ya madirisha, maana moshi wake huua bila ya harufu ya kumwonya mtu. Tena iwe mbali na majamvi, upande upepo unakokwenda. Karafuu hushika harufu, na mnunuzi hatafuti karafuu zenye harufu ya petroli.

Pahala pasipofika umeme wa nguzo, jua latosha. Bamba dogo la sola la wati 5 hutoa kama robo ya ampea jua likiwa kali, na kwa saa tano za jua hiyo ni zaidi ya ampea-saa moja kwa siku, kiasi kinachozidi mahitaji ya betri iliyolala. Kwa sababu kinazidi, lazima baina ya bamba na betri pawe na kidhibiti cha kuchaji; bila yake betri ndogo hukaushwa maji yake ndani ya wiki chache. Wenye sola nyumbani yenye betri ya volti 12 na kidhibiti chake, waweza kumwomba fundi awaonyeshe namna ya kuitumia kidogo kwa kazi hii.

Juu ya chumvi ya bahari hatuna haja ya kusema mengi, kwani bati zetu zimekwisha kutufundisha. Hewa ya kisiwani hushika vichwa vya betri ikavifanyia unga mweupe au wa kijani, na vumbi lenye unyevu juu ya betri hufanya njia nyembamba ambayo umeme hupita kutoka kichwa hiki hata hiki. Nyaya zikisha kufunguliwa, pakasafishwe kwa maji ya vuguvugu yaliyotiwa soda ya kuokea mikate, pakaushwe, nyaya zikazwe, kisha pakwe grisi au vaselini juu yake. Grisi ije baada ya kukaza, isiwe kabla. Betri za kutiwa maji zitizamwe maji yake kila mwezi, nayo yawe maji ya betri yanayouzwa madukani. Maji ya kisima yana chumvi, na asidi haiongezwi kamwe, kwani kinachokauka ni maji peke yake. Mabamba yakiwa yamefunikwa, chaji kwanza ndipo uongeze. Yakiwa wazi, tia maji kidogo yafunikwe, kisha chaji, kisha jaza mpaka alama.

Liko na neno ambalo kila fundi mzee atakwambia: usiweke betri juu ya sakafu ya saruji, itanyonywa umeme. Zamani, makasha ya betri yalipokuwa ya mbao na ya mpira, neno hilo lilikuwa na maana yake. Makasha ya leo ni ya plastiki, na saruji haiwezi kunyonya kitu. Anayependa kuweka ubao chini yake aweke, hautamdhuru. Ila asidhani kwamba kwa ubao ule amekwisha itunza betri, akaiacha miezi minane. Kilicho muhimu ni mahali pa baridi na pakavu. Ndani ya nyumba, uvunguni mwa kitanda cha chumba kisicholaliwa, ni pema kuliko banda la bati, maadamu imefunguliwa na haichajiwi hapo.

Na ikiwa msimu umeingia na betri imekwisha kufa, tafadhali msikimbilie dukani usiku. Jenereta nyingi za petroli, hata zikiwa na ufunguo, bado zina kamba ya kuvuta. Weka ufunguo kwenye alama ya kuwasha, fungua koki, vuta kamba, kazi ya usiku iendelee. Mtu asizungushe stata ya betri dhaifu mara kumi mfululizo; nukta tano, kisha apumzike robo dakika, na baada ya mara tatu aache. Akiazima umeme wa betri ya gari, injini ya gari iwe imezimwa. Siku ya pili betri ichajiwe polepole mpaka ijae, ilazwe usiku mmoja bila ya kuungwa, asubuhi ipimwe. Ikisoma 12.5 na zaidi, na wakati stata inapozunguka haishuki chini ya volti 9 na nusu, hiyo ni nzima, yataka matunzo tu. Ikiwa imelala na 12.6 ikaamka na 10 na nusu, chumba kimoja kimekufa, hapana dawa.

Atakayelazimika kununua aende na mita. Betri iliyo rafuni mwa duka nayo imelala, pengine mwaka mzima katika joto, na karatasi yake mpya haizuii chumvi kujengeka ndani. Tizama tarehe iliyopigwa chapa, kisha pima mbele ya muuzaji. Iliyo chini ya volti 12.4 ataje mwenyewe bei ya kuiacha hapo hapo. Betri ya zamani isitupwe shambani wala asidi yake isimwagwe karibu na kisima. Risasi ni sumu, khasa kwa watoto, na wanunuzi wa vyuma chakavu huichukua kwa fedha.

Ofisi ya Chama inayo mita moja na chaja moja ndogo yenye kujizima yenyewe. Mwanachama asiye na chombo cha kupimia alete betri yake siku yoyote ya kazi, asubuhi, ikiwa imeandikwa jina lake na kijiji chake kwa rangi isiyofutika. Kupimwa ni dakika chache na mtu aweza kungoja; inayohitaji kuchajiwa italala hapa usiku mmoja au miwili. Twawaomba wanachama waanze kuzileta sasa, kabla karafuu hazijapevuka, kwani chaja ni moja na wiki ya kwanza ya mavuno haitatosha betri zote.

Katibu